Kamba Nyekundu Kinywani mwa Bi Mwanarehema

Kwa miaka mingi Bi Mwanarehema alisomesha Kurani mabinti wa Mtongwe, huko Likoni, barazani kwake. Hakuwa mwalimu wa fimbo. Msichana akikosea, yeye humkatiza kwa upole, husoma aya mwenyewe kwa sauti iliyosikika hadi njiani, kisha humwambia, "Haya mwanangu, sasa wewe." Halafu kiharusi kikamshika akiwa anatia udhu. Mkono ulianza kurudi polepole. Kinywa hakikurudi. Akabaki na maneno mawili tu, "naam" na "la", nayo yalimtoka kwa taabu.

Chakula chake kikawa uji na viazi vya kuponda. Siku moja mwanawe Mansur alimwonea huruma, akampa kipande cha chapati alichokilowesha kwenye mchuzi. Bi Mwanarehema akapaliwa mpaka midomo ikabadilika rangi, na kilichoshuka kifuani kikamletea homa ya mapafu. Alilazwa, na nyumbani wakaanza kunong'onezana habari za kumtayarishia sanda. Mungu akamnusuru. Lakini tangu hapo mama akilishwa Mansur husimama mlangoni, mwili umemkakamaa, na haondoki mpaka bakuli litolewe.

Aliyekuwa akimlisha ni binti yake, Jalila. Na aliyekuja kumfundisha upya kumeza na kusema ni Lynnette, mtaalamu kijana kutoka bara.

"Shikamoo, Mama," Lynnette alisema Jumamosi moja, akavua viatu na kuketi mkekani. Bi Mwanarehema akamwitikia kwa kuinua kidole.

"Koo linameza vizuri sasa," Lynnette alimwambia Jalila. "Lililobaki ni kutafuna. Taya limelala, ulimi nao umelala. Lazima tuuamshe."

Akatoa pakiti mkobani. Ndani yake mlikuwa na peremende nyekundu, ndefu kama penseli, zimesokotwa mfano wa kamba. Alisema rafiki yake alimletea kutoka Marekani, na kwamba huko huziita likorisi. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuziona.

"Hiyo?" Mansur alisema kutoka mlangoni. "Wallahi hapana. Chapati laini nusura imuue, leo wataka kumpa mpira?"

"Chapati iliingia yote kinywani," Lynnette alijibu. "Hii yeye atatafuna ncha moja, na ncha ya pili nimeishika mimi."

"Na ikikatika?"

Lynnette hakumficha. "Ikikatika, atakohoa. Kikohozi chake kina nguvu sasa. Nami niko hapa."

Bi Mwanarehema alikuwa akiikazia macho pakiti, akaigonga kwa kidole. Jalila akamwelewa. "Mama auliza kama ni halali." Akaichukua, akasoma maandishi madogo polepole: unga wa ngano, sukari, mafuta ya mawese, rangi. "Hamna jelatini, Mama. Hamna chochote cha mnyama."

"Mama, kataa," Mansur alisihi. "Nakuomba."

"La," alisema Bi Mwanarehema.

Mansur akashusha pumzi. Lakini mamake alikuwa akimtazama yeye. Akapiga mkeka kwa kiganja mara kadhaa, kumwonyesha pa kukaa, kisha akafumbua kinywa mbele ya Lynnette.

Mansur akaketi.

Lynnette akaweka ncha ya peremende kati ya magego ya upande wenye nguvu. "Tafuna, Mama. Pole pole." Taya likashuka, likapanda. Likashuka tena. Uso wa Bi Mwanarehema ukajikunja kwa ile ladha ngeni, lakini hakuacha. Mate mekundu yakamchirizika pembeni mwa mdomo, Jalila akayafuta, na leso ikatapakaa wekundu kama wa damu. Mansur akainuka nusu. Dada yake akamshika mkono.

"Sasa upande uliolala," alisema Lynnette, akaihamisha.

Huko meno yalikuwa hayajui tena kujizuia. Yakabana ghafla kwa nguvu. Lynnette alipovuta mkono, peremende ilitoka fupi.

Bi Mwanarehema alikodoa macho. Kisha akakohoa, akakohoa tena kwa nguvu, mabega yakitikisika, na Mansur akaruka na kiganja juu ampige mgongoni.

"Usimpige!" Lynnette alimzuia kwa mkono. "Anakohoa, hewa inapita. Mwache! Inama mbele, Mama. Kohoa."

Mansur akabaki na mkono hewani, akisoma dua chini chini. Jalila alikuwa amefumba macho. Kikohozi kikapungua. Shavu lililolala likatuna kidogo, likatulia, likatuna tena. Kitu kilikuwa kikisukumwa mle ndani. Kisha Bi Mwanarehema akakinga kiganja, na kipande chekundu kikadondoka juu yake.

"Umeona?" Lynnette alisema. "Ulimi umekitoa wenyewe."

Bi Mwanarehema alikitazama kile kipande kwa chuki. Midomo ikahangaika.

"M... shu... maa," alisema.

"Nini, Mama?"

"Mshumaa!"

"Ati ina ladha ya mshumaa!" Jalila alicheka mpaka akalia. Mansur hakucheka. Alilaza kichwa kwenye magoti ya mamake kama mtoto, akakaa hivyo hata Lynnette alipoanza kukusanya vyombo vyake.

Pakiti ile waliimaliza kwa majuma kadhaa, na Bi Mwanarehema hakuipenda hata siku moja. Maneno yalirudi machache machache, mengine bado yanamteleza. Mwezi wa Shaaban Jalila alimpikia muhogo wa nazi, laini. Bi Mwanarehema akatafuna, akameza, akatafuna tena, na Mansur ameketi mbele yake akilihesabia koo lake kila linapopanda na kushuka.

Mamake akamsukumia sahani.

"Kula nawe," alimwambia. "Wanitisha."