Nilivyoipiga Risasi Posa Yangu Mwenyewe

Jamani, habari hii mke wangu akianza kuisimulia mbele za watu mimi huwa nakumbuka ghafla kwamba sijafunga geti, natoka nje, narudi wakishamaliza kucheka. Leo naisimulia mwenyewe. Aibu nimeshaizoea, na shukrani niliyonayo imeizidi.

Mimi ni fundi mitambo kiwanda cha sukari, kwetu ni Singida, na wakati huo nilikuwa nimepanga chumba Soweto hapa Moshi mjini. Nilikuwa nimempenda Manka, binti wa Mzee Aloyce wa Kilema, mkulima wa kahawa na ndizi, mtu wa kanisani, mpole lakini maneno yake ya kuhesabu (ukimwambia shikamoo anakutazama kwanza, ndipo anaitikia). Ukoo haukuwa na hakika na mimi, mtu wa kuja, hata mkungu wa ndizi sijui kuukata vizuri. Kwa hiyo siku Mzee aliponikabidhi bunduki yake ya upepo, ile unayokunja mtutu ili kuikaza springi, anayofukuzia ndege kwenye maparachichi, akasema, "Wewe si fundi? Ibadilishie washa tu, imechoka kidogo," mimi niliona nimeshapewa binti.

Washa tu. Ndivyo alivyosema, na Manka alikuwepo.

Nikaifungua chumbani kwangu, nikabadilisha ile washa, kipete cha ngozi kinachozuia upepo usivuje kwenye pistoni, kazi ya saa moja, ikaisha. Halafu nikaitazama springi, imelegea, nikajiambia fundi mzima nirudishe kitu kimechoka, wataniona wa aina gani? Nikatafuta springi nyingine nene na ngumu, nikaishindilia mle ndani huku jasho linanitoka, nikaipaka grisi ya kutosha na juu yake nikamimina oili (kiwandani kwetu kitu kikipiga kelele dawa yake ni grisi). Kuijaribu sikuijaribu, maana Soweto nyumba zimebanana, ningempiga jirani.

Siku ya posa ikafika. Kwa Wachagga huendi kuomba binti mikono mitupu, unapeleka mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, basi nikapanda Kilema na madumu matatu, mbuzi dume mmoja, na bunduki ya Mzee begani. Mshenga wangu, Mzee Fausti, akaniambia niyaweke madumu chini ya mparachichi, nimfunge mbuzi kwenye mgomba, nisubiri kuitwa, na nisifanye chochote. "Chochote," alirudia, kana kwamba alikuwa amenisoma. Wazee wakaingia sebuleni. Manka alikuwa jikoni, haruhusiwi kutoka mpaka aitwe.

Baba yake mdogo Manka akatoka kuvuta sigara, akaiona bunduki imeegemea ukuta. "Fundi," akasema, "hiyo kitu inalenga kweli, ama umeifuta vumbi tu?" Akaenda kuleta kikopo cha risasi za Mzee, zile ndogo nyepesi zenye kichwa bapa, akasema bunduki hii haijawahi kupenda nyingine. Ningesema tusubiri, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Nikasimamisha kopo la nyanya juu ya jiwe, hatua kama ishirini, nikaibana bunduki begani kwa nguvu zangu zote. Madumu yalikuwa juu kidogo ya kopo, mkono wa kulia (Kilema hakuna tambarare, kila kitu kiko juu au chini ya kingine).

Nikafyatua. Bunduki ya upepo kazi yake ni kusema "tap" na kunyamaza. Ile ilisema PAA! ikatoa moshi mdomoni, ikaruka mbele, ikarudi nyuma, na kopo la nyanya likabaki limesimama pale pale. Kisha nikasikia "tsss". Dumu la kwanza lilikuwa limetoboka ubavuni na mbege ya posa yangu inaruka hewani.

Nikatupa bunduki, nikakimbia, nikachomeka kidole kwenye tundu. Mbuzi naye kwa ule mshindo akakata kamba, akashuka mbio kwenye mashamba ya majirani, baba mdogo nyuma yake anacheka na kuita. Mimi siwezi kunyanyuka, nikinyanyuka mbege inamwagika. Na hapo ndipo wazee walipotoka nje.

"Shikamooni," nilisema nikiwa nimechuchumaa.

Mzee Aloyce alilitazama kopo, akaitazama bunduki inayofuka moshi, akanitazama mimi.

"Nilisema washa."

"Ndiyo, baba."

"Na kama mtu angekuwa amekaa hapo ulipo wewe?" Mpaka leo swali hilo hunitoa jasho. Akamgeukia Mzee Fausti. "Mbege irudi ilikotoka."

Yaani posa imekataliwa. Mzee Fausti, Mungu ampe maisha marefu, hakubishana, alikwenda mbio uani akachuma jani la sale, lile ambalo Mchagga ukimkosea unampelekea kuomba msamaha na yeye huona vigumu sana kulikataa, akaninyooshea. Nikanyoosha mkono wa kushoto kulipokea. "Mkono huo?" akafoka. "Unataka kumtukana?" Wa kulia ulikuwa dumuni. Nikiutoa, namwaga posa miguuni pa wazee. Nisipoutoa, sina posa. Nikabaki hapo, mbege inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko, na sitaficha, nililia.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Manka akatoka bila kuitwa, mikono ina unga, akapita katikati ya wazee, akachuchumaa kando yangu.

"Toa kidole," akasema, akachomeka chake.

Nikalipokea lile jani, nikapiga magoti, nikampa Mzee kwa mikono miwili. "Baba, nimekosa. Nisamehe." Mzee alimtazama binti yake, kidole dumuni mbele ya ukoo mzima, kisha akalipokea.

"Leteni sufuria," akasema. "Tuinywe hii kabla haijaisha."

Nilisema "aika mbe", asante ya Kichagga niliyokuwa naijua, tena na tena mpaka Mzee Fausti akaninyamazisha.

Juma lililofuata Mzee aliniita na bunduki. Tuliifungua, tukafuta oili yote (kumbe ndiyo iliyowaka mle ndani), tukabandika karatasi kwenye mgomba mkavu, nyuma yake ukuta wa udongo. Zile risasi nyepesi, tano, kila moja ikaenda kwake. Akatoa nyingine nzito, za kichwa cha mviringo, nazo tano, zikaingia mahali unapoweza kufunika kwa sarafu, ila juu mno, tukashusha kidude cha kulengea. "Umeibadilisha ndani," akasema, "usidhani itapenda chakula kile kile. Iulize upya. Na usiibane, ilaze kiganjani, iache iruke inavyotaka." Hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo tena.

Tangu siku hiyo nikiambiwa washa, nabadilisha washa. Dumu tunalo nyumbani, tundu tumeliziba kwa plastiki ya kuyeyusha, tunachotea maji. Na kila nikishika bisibisi, Manka huita kutoka jikoni, "Baba Neema, nije na kidole?"