Sura ya Nne na Vyura wa Mlima Harrow

Vyura wa Mlima Harrow walinyamaza ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kijito kilichokuwa na kelele mpaka unaziba masikio kikawa kimya. Vimaiti vidogo vimelala kwenye mawe, miguu imenyooka.

Na mimi nilikuwa na uhakika namjua muuaji. Ni msimamizi wangu, Profesa Pengelly.

Nilikuwa nasomea udaktari wa biolojia ya mazingira na mageuzi ya viumbe, huku Queensland kaskazini, Australia. Watu wanadhani ni kukaa maktaba. Thubutu! Unapanda milima ruba wanakunyonya mpaka kwapani. Unatetea pendekezo mbele ya jopo, unarudi kutetea matokeo, ndipo tasnifu iende kwa watahini wa nje. Na huvuki hatua hata moja bila saini ya msimamizi.

Sura yangu ya nne ilihusu kuvu inayowaua wale vyura. Nilipima vinasaba vyake kijito kwa kijito, nikaona ilikotoka na ilikoelekea. Haikushuka na maji. Ilipanda mlima, ikavuka mabonde.

Ilibebwa na mtu, kwenye matope mabichi. Na aliyezunguka vijito vile miaka ishirini ni Pengelly na mabuti yake.

Nikampelekea. Akaisoma yote, kahawa ikapoa mezani.

"Bronwyn, itoe hii sura."

"Niitoe? Si ndiyo tasnifu yenyewe hiyo, Prof!"

"Zilizobaki zinatosha. Itoe, nakusainia leo hii."

"Na nisipoitoa?"

Akavua miwani. "Binti, nisikilize mara hii moja tu."

Nilitoka nimefura. Dougal, mwenzangu wa maabara, akacheka sana.

"Mzee kashikwa pabaya! Anaogopa jina lake hilo. Komaa naye!"

Nikakomaa. Nikamwambia asiposaini nakwenda kwa mkuu wa idara. Akachukua kalamu, akasaini.

Siku ya kutetea matokeo ukumbi ulijaa. Nikaonyesha ramani ukutani, mistari myekundu ikipanda mlima. Sikutaja mtu, ila kila mmoja alimgeukia Pengelly. Niliona raha, siwafichi.

Ndipo Dokta Mandalis wa kwenye jopo akauliza, taratibu tu.

"Mstari wa mwisho, wa Harrow. Kuvu iliingia kule lini?"

"Miaka minne iliyopita," nikajibu chapchap.

"Pengelly goti lake liliharibika miaka saba iliyopita. Hajapanda mlima tena. Nani alikwenda Harrow?"

Nikaitazama tena ramani yangu.

Ni mimi peke yangu. Mabuti niliyaosha kwa dawa kila safari, naapa. Lakini fimbo ya kupimia kina cha maji niliichomeka kijito cha bondeni, nikapanda nayo Harrow siku ileile, ikiwa na matope ya bondeni.

Fimbo sikuwahi kuifikiria. Na Harrow ndiko walikobaki vyura wa mwisho wa aina ile duniani.

"Mimi," nikasema.

Pengelly alinifuata kwenye korido, anachechemea, macho mekundu.

"Vijito vya zamani ni mimi niliyevichafua, na hayo ningeyasema mwenyewe, nimeshazeeka," alisema. "Wewe nilitaka uanze kazi bila huu mzigo."

Nililia kama mtoto, palepale ukutani.

Jopo likanipitisha kwa sharti moja: sura ya nne imtaje kwa jina aliyepeleka kuvu Harrow. Niliandika Bronwyn Teague. Watahini wakaisoma, wakakubali, nikavishwa joho. Mama aliniita "Dokta!" kwa sauti mbele za watu, nikatamani ardhi inimeze.

Sijutii kuibakiza ile sura kwenye tasnifu. Ukweli ulipaswa kuandikwa, na mzee alikosea kutaka kuufunika, hata kama ni kwa huruma.

Ila wewe unayesoma hapa, siku ukishika ushahidi wa kosa la mtu, usome wote kabla hujaita watu. Mimi niliusoma mpaka pale ulipomkamata mwenzangu, nikaishia hapo.