Kimya cha Haluwa

Nakiri leo nililolikana miaka ishirini: mimi huuliza swali darasani, kisha nikajijibu mwenyewe.

Mafunzo yetu mapya ya walimu hapa Maskati hayatoi cheti kwa kuhudhuria tu. Lazima utume video inayoonyesha kuwa unaweza. Mimi nilibakiwa na umahiri mmoja: kuuliza swali, kunyamaza, na kuwaachia wanafunzi wafikiri. Nilishafeli mara mbili, na bila cheti hicho cheo cha mwalimu mwandamizi ningekisikia kwa wenzangu.

Siku ya kurekodi, kengele ilinikuta chumba cha walimu nikila haluwa. Nikaingia darasani na kipande shavuni, nikauliza kwa nini bahari ina chumvi na mvua haina. Haluwa ikanikwama kooni. Sikuweza kutoa neno.

Darasa likangoja. Mara Thuraya, ambaye mwaka mzima sikuwahi kumsikia sauti, akasimama akaeleza jinsi jua linavyopandisha maji na kuiacha chumvi chini. Mwenzake akambishia, wa tatu akawaamua. Subhanallah! Kumbe yote hayo yalikuwamo vichwani mwao, nami nikiyaziba kwa mdomo wangu.

Nikatuma video; haluwa sikuitaja. Jioni akanipigia simu mtathmini, Zuwena, niliyemsomesha zamani.

“Mwalimu, kimya kile, mashaallah! Lakini mie nnakujua. Kulikoni?”

“Mwanangu, unadhani mimi siwezi kunyamaza? Naweza sana!”

Akacheka. “Hilo swali, mwalimu, ulikuwa ukiniuliza mimi?”