Nafasi ya Milimita Moja na Nusu

Kwa miaka kumi na tisa Nyaruai Gathogo alikuwa akisokota waya wa kopa kwenye mota na transfoma katika karakana yake mjini Kitale. Sifa yake ilikuwa kwamba transfoma zake hazivumi. Bati za chuma za kiini alizipanga kwa kupishana, akazigonga kwa nyundo ya mbao mpaka wembe usipite katikati. Kwa hiyo Nekesa, mwenye posho mili, mashine ya kusaga unga, kule Sirisia, alipompigia simu kuomba msaada, Nyaruai hakusita.

Laini ya Sirisia ni ya fezi moja, na mota ya Nekesa ya fezi tatu iliendeshwa kupitia kifaa cha elektroniki kinachougeuza umeme huo kuwa wa fezi tatu. Kila akianza kusaga, kifaa hicho kilichafua umeme wa majirani, na mashine ya kutotolesha mayai ya Wilkista, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, ikajizima yenyewe. Mayai mia moja yalikuwa yameharibika. Wilkista hakumsalimia Nekesa tena hata kanisani.

"Nitakusokotea choki," Nyaruai alimwambia. "Umeme unapita ndani yake kabla ya kufika kwa hicho kifaa. Inazuia ule uchafu usirudi kwa laini."

Alitumia kiini cha mashine mbovu ya kuchomelea vyuma, akasokota mizunguko arobaini ya waya mnene, akazikaza bati kama kawaida yake. Choki ikatoka nzuri kwa macho. Walipoifunga Sirisia na kuanza kusaga, ilinguruma, ikapata joto la kuchoma mkono, na mashine ya Wilkista ikazimika palepale.

"Fundi, si ulisema unajua hii kazi?" Wilkista aliuliza akiwa mlangoni. Nyaruai aliifungua choki, akaibeba.

Alirudi Kitale amekasirika. Aliongeza mizunguko kumi na tano. Mambo yakawa yaleyale. Akaipima kwa kuiunganisha na majiko ya umeme, moja baada ya jingine: ampea zikiwa chache, volti juu ya choki zilipanda sawasawa nazo, ampea zikizidi, volti zikagoma kupanda. Kiini kilikuwa kimeshiba sumaku, hakibebi zaidi. Lakini kwa nini?

Kwa hasira aliivunja choki kuukuu ya taa ya mrija, moja ya zile alizokuwa akizitupa kwa gunia. Kati ya bati zake palikuwa na kipande cha karatasi ngumu. Hakikuanguka humo kwa bahati mbaya. Aliyeitengeneza alikiweka makusudi. Nyaruai akavunja ya pili, akakuta kipande kama hicho. Ile nafasi aliyoikimbia miaka yote ndiyo inayokifanya kiini kistahimili umeme mwingi bila kushiba. Aliketi juu ya ndoo, akajitukana kwa Kikuyu.

Akapanga bati upya, nusu upande huu, nusu upande ule, akaweka kadibodi katikati. Karakanani ilifanya kazi vizuri. Sirisia ilifanya kazi siku nne.

"Fundi, hii kitu imeanza tena kulia," Nekesa alisema kwenye simu. "Na mama wa kuku ameenda kwa chifu. Ati nifunge mili."

Kadibodi ilikuwa imepondeka kwa joto na mtetemo, nafasi ikajifunga. Trei nyingine ya mayai ya Wilkista ikaenda na maji.

Mara ya tatu Nyaruai alikata vipande kutoka kwa bodi ya televisheni mbovu, ile ya nyuzi za kioo isiyopondeka, akavisugua mpaka vikabaki unene wa milimita moja na nusu. Akafunga boliti, akaichovya choki yote kwenye vanishi. Alipoipima kwa majiko yaleyale, volti zilipanda pamoja na ampea bila kugoma.

Baada ya wiki tatu alikwenda Sirisia kuangalia. Posho mili ilikuwa ikisaga, choki ikivuma kidogo, jambo ambalo lingemwaibisha zamani. Wilkista alimfungulia banda lake. Vifaranga walikuwa wakilia chini ya taa.

"Arobaini na wawili," Wilkista alisema. "Bado ni hasara, fundi. Ungeniuliza mapema, ningekwambia usijaribu kwa mayai yangu."

"Ni kweli, mama," Nyaruai alisema. "Nisamehe."

Wilkista alirudishia mlango. Nyaruai akachukua spana, akaenda kukaza boliti za choki.