Niliiwasha pikipiki ya kaka, mama akambandikia maji ya kuoga

(Jina na kijiji cha mwandishi tumevificha kama alivyoomba.)

Ndugu mhariri, nanyi wasomaji wa ukurasa huu, nisitirini jina, maana kijijini kwetu wapo wanaosomeana gazeti hili barazani kwa mwenye duka, na sitaki mama alipate jambo hili kwa kusomewa. Mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na tisa, sijaoa, ni fundi msaidizi katika kiwanda cha kuchambua pamba hapa Shinyanga. Nyumbani ni upande wa Tinde, na kila Jumamosi nikitoka kazini napanda baiskeli kwenda kwa mama. Baba alikufa zamani. Tulizaliwa wawili tu, mimi na kaka yangu, ambaye hapa namwita Masanja.

Masanja alifanya kazi kwa Mzungu mmoja mtafuta dhahabu huko Geita. Yule Mzungu alipofunga mashimo yake na kuondoka alimwachia pikipiki ndogo, ambayo hata wakati huo ilikuwa kuukuu. Kaka aliipenda mno, kuigusa tu ilikuwa ugomvi. Vita vilipokuja akachukuliwa askari, akaiegesha kwenye kibanda cha kuwekea pamba, akaenda Burma. Tangu siku hiyo mama amekuwa akiipaka samli, mnyororo, kiti, mpaka nyaya. Nilimcheka sana kwa hilo, lakini ndiyo maana kutu haikuimaliza.

Sasa naungama. Miaka minne iliyopita askari mmoja wa Kahama, mkazi wa Nyasubi, alinitafuta kiwandani. Alikuwa pamoja na kaka yangu huko Burma. Akaniambia Masanja alifia mikononi mwake, na yeye na wenzake ndio waliomzika. Akanipa mkanda wa kaka wa ngozi, akasema, "Kamwambie mama, lakini taratibu." Nikamjibu nitamwambia. Jumamosi ile nikamkuta mama ana homa, nikasema ngoja apone. Akapona, akawa analima huku anaimba, nikasema ngoja avune. Wasomaji, mimi ni mwoga, na sitafuti jina lingine la kujipamba. Nimengoja hivyo miaka minne.

Badala ya kusema, nikaanza kuitengeneza pikipiki. Sikuwa na mtu wa kulia naye, nikalia na spana. Kila Jumapili baada ya misa nilikaa kibandani mpaka jioni. Tangi nililitia kokoto na mafuta ya taa nikalitikisa mpaka mikono ikafa ganzi. Kabureta niliizibua kwa unyoya wa kuku. Mama alipita na jembe lake, akasema, "Safisha, safisha, mwenyewe akija aikute inang'aa." Alidhani naisafisha tu. Kisanduku cha spana hakikuwa na kifungo, nikakifunga kwa ule mkanda wa Masanja. Niliona ni namna ya kumpa heshima yake.

Jumapili moja, miezi miwili iliyopita, niliipiga teke mara ya ishirini hivi, ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka. Wasomaji, nililia na kucheka kwa pamoja. Ilinguruma mpaka kuku wakaruka uani. Nikaiacha ilie, nikaipeleka mbele ya nyumba, nikijua mama atafurahi. Nikamwona anatoka jikoni mbio, amevaa kanga yake ya kanisani, anaangalia nyuma yangu, huku na huku.

"Yuko wapi?"

"Nani, mayu?"

"Masanja! Yuko wapi? Maji ya kuoga nimeshabandika."

Nikaizima. Nikamwambia ni mimi niliyeiwasha. Akasimama akinitazama mikono iliyojaa grisi, kisha akakaa chini palepale kwenye vumbi. Hapo ndipo nilipojua jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Siku ya kuaga, Masanja alimwambia, "Mayu, ukisikia pikipiki inalia, nibandikie maji ya kuoga, ujue nimefika." Na mama amekaa miaka yote hii akitega sikio.

"Sasa akija," akaniuliza, "nitamjuaje?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Mungu aliniwekea nafasi wazi kabisa. Nikafungua mdomo, nikasema, "Nisamehe, mayu."

Akaniamuru niifungue, niirudishe kama alivyoiacha kaka, ili mwenyewe aje aiwashe. Nikaifungua. Lakini tangu siku hiyo mama hali chakula cha maana. Asubuhi anakaa kando ya barabara. Anasema labda Masanja alikuwa njiani, akausikia ule mlio, akadhani pikipiki yake imepewa mtu mwingine, akageuza. Majirani wanamwambia asahau. Mimi namletea uji na kumbembeleza, na kila kijiko ninachomlisha najiona mwongo.

Na kuna lingine. Yule askari amenitumia salamu kwamba Jumamosi ijayo atafika nyumbani kumsalimu mama wa rafiki yake. Anadhani nilikwisha kumwambia. Ataingia uani na kutoa pole, na mama hatajua anapewa pole ya nini.

Jumapili hii iliyopita nilimkuta mama kibandani. Ameufungua ule mkanda, ameuweka mapajani.

"Huu wa nani?"

Nikasema wangu.

"Ngozi nzuri, ila umeiacha ikakauka," akasema. Akachota samli kwa kidole, akaupaka polepole, tundu kwa tundu, mpaka kwenye kishikizo, kisha akautundika kwenye usukani. Akasema niuache hapo, Masanja akirudi atakuwa amekonda, suruali zitakuwa zinamvuka.

Leo ni Jumatatu, nimebakiwa na siku tano. Ndugu zangu, ninyi mliowahi kumpelekea mama habari kama hii, niambieni, nianze na neno gani?