Siku Nilipomtoa Lakshmi Nyumbani

Kila Diwali mnanitania, basi leo nasema mwenyewe yote, ingawa uso unaniwaka hata kabla sijaanza.

Ba mnamjua, yule bibi wa Kihindi ninayemfanyia kazi za ndani, mwaka wa tisa sasa. Siku ya Diwali humkaribisha Lakshmi, mungu wao wa mali na neema, na ili asipotee njia huchorewa nyayo ndogo nyeupe kuanzia getini mpaka kwenye kabati la sala. Miaka yote Ba alichora mwenyewe, hakumwachia mtu, ila safari ile magoti yalimgomea, akanipa bakuli la unga wa mchele uliokorogwa, akasema, "Chora wewe, wewe ni mtu wa nyumba hii." Nilitaka kulia, jamani.

Lakini nilikuwa hoi (siku tatu nafua mapazia, nasugua masufuria, nakaanga vitafunwa), na mtu akichoka mwili unajiendea ulivyozoea. Mimi deki huanzia ndani nikaishia nje, basi nikaanzia kabatini, nachovya ngumi, nagandamiza sakafuni, nadonoa vidole kwa mbele, nasogea, mpaka getini, na pale ndipo nilipowakuta wageni na sahani zao za vitamu. Mama mmoja akainama kutazama, akarudisha mguu.

"Ba," akauliza polepole, "Lakshmi anatoka?"

Kwao hakuna mkosi kama huo. Ningenyamaza, lakini wapi, nikasema ngojeni narekebisha, nikaongeza vidole upande wa visigino, vile vya kwanza nikavifuta kwa pindo la kanga, na unga ulikuwa bado mbichi, ukasambaa, nyayo nyingine zikawa na vidole mbele na nyuma, nyingine hazina hata kimoja, na wageni wamesimama vumbini na nguo zao mpya, majirani wanachungulia.

Ba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alishika ukuta, akashuka kwa magoti yale yale mabovu, sari mpya na yote, akafuta, akachora upya moja moja mpaka ndani, mimi namfuata na bakuli kama mjinga. Alipofika kabatini hakuweza kuinuka. Nikamnyanyua.

"Ameingia," akaninong'oneza. "Sasa nenda kalale, mwanangu."

Unga ule sichori nao tena, nimeapa. Mwaka jana Ba alichora mwenyewe, nikiwa nimemshika kiuno tangu getini, na kila unyayo nilimsikia akiguna.