Gramu Sita za Zamani

Mzee Mizani alifanya kazi ya kukagua vipimo miaka thelathini na moja, na katika miaka yote hiyo hakuna mwenye duka aliyefurahi kumwona akiingia. Alikuja na kisanduku chake cha mawe ya shaba ya kupimia, akasalimia vizuri, akaulizia watoto, kisha akaiinamia mizani ya watu kwa kimya kirefu hadi mwenye duka akaanza kujieleza kabla hajaulizwa. Alimfungia duka jirani. Alimfungia rafiki aliyemsimamia siku ya harusi yake. Na alipokuta kidole cha mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja, kimeegemea sahani ya mizani akimpimia mteja maharage, alimfungia naye, na mwaka wa tisa huu hawasalimiani. Mdogo mtu aliomba radhi kwa simu, kwa barua, hata kwa kumtuma shangazi. Wapi. Mzee alisema anayeiibia mizani anaweza kuiba chochote, na mtu wa namna hiyo yeye hawezi kukaa naye nyumba moja.

Mke wake alikuwa akimmiminia chai aliposema maneno hayo, na chai ikamwagika kwenye kisahani.

Huyu mama alikuwa na lake moyoni. Lilikaa ndani ya kopo la bati, kwenye kabati la vyombo, juu ya zile sahani ambazo haziguswi mpaka aje mgeni. Ndani ya kopo mlikuwa na pipi moja nyekundu, imeviringishwa kwenye karatasi ya nta iliyosokotwa ncha mbili. Mzee alipewa pipi hiyo akiwa na miaka kumi, siku ya mwisho kabla muuza pipi wa mtaa wao hajafunga duka na kuhama. Hakuila. Aliitunza shuleni, akaitunza kazini, akaingia nayo kwenye ndoa.

Kila mgeni alionyeshwa. Na akishaonyeshwa, aelezwe. Zamani, alisema Mzee, pipi ilikuwa pipi. Ilitolewa kwenye chupa ya kioo kwa koleo, si kwa mikono michafu. Ukiitia mdomoni ukitoka shule, unafika nyumbani bado ipo, unaibandika kwenye mguu wa kitanda, kesho unaendelea nayo. Moja ililiwa na ndugu wanne kwa zamu, kila mtu akihesabiwa mpaka ishirini, na hakuna aliyeumwa tumbo. Mgeni akijaribu kusema kwamba hata yeye alikula pipi utotoni, Mzee alimtazama kwa huruma akauliza za nani.

Lakini maneno hayakumtosha, alitaka ushahidi. Kila mwaka, siku aliyozaliwa, aliwakusanya watu wa nyumbani, akatoa mizani ndogo aliyozawadiwa siku ya harusi, akaifungua pipi na kuipima mbele yao. Gramu sita. Miaka nenda miaka rudi, gramu sita kamili. Hapo angewageukia wajukuu na kuwaambia wapeleke pipi zao za siku hizi zikakae kabatini mwaka mmoja, waone.

Ukweli ni kwamba zilikuwa zikikaa humo humo, moja baada ya nyingine. Ile ya zamani mke wake aliila zamani sana, akiwa na mimba ya binti yao wa kwanza, Mzee yuko safarini kukagua mizani za watu. Uchu ulimshika, akajiambia atailamba tu mara moja. Alipozinduka ameshika karatasi tupu. Alilia, halafu akaenda dukani, akanunua nyekundu ya kufanana nayo. Ikawa nzito kuliko gramu sita, kwa hiyo akainyonya mpaka uzito ukakaa sawa, akaikausha kwa kitambaa na kuirudisha kwenye karatasi yake ya zamani. Kwa vile pipi za siku hizi kweli hulowa joto likija, kila mwaka alirudia. Mzee akienda kunyoa, mama anatoa mizani: ananyonya kidogo, anapima, ananyonya kidogo, anapima. Kinyozi mmoja alikufa, akaja mwingine, kazi haikusimama.

Mwaka huu Mzee aliumwa goti, hakwenda kunyoa. Alikaa sebuleni mchana kutwa, mizani ikiwa pembeni yake. Mama akajifungia jikoni na nyekundu moja, ya mwisho kwenye pakiti, akaamua kupima kwa ulimi. Angeweza, uzoefu alikuwa nao. Ila jirani akagonga mlango wa nyuma, yule jirani ambaye akija kuomba kiberiti hukupa habari za ukoo mzima. Mama hakuweza kutema. Alisimama mlangoni, pipi shavuni, akiitikia "mh" na "aa" mpaka jirani aliporidhika. Alipoitoa aliiona imepungua, kiasi gani hakujua. Zilizobaki zilikuwa za kijani. Usiku ule hakupata usingizi. Alimfikiria yule shemeji yake wa maharage na miaka yake tisa.

Siku ya kupima walikuja binti na mumewe na watoto wao. Huyu mkwe, kwa bahati yake mbaya, aliuza pipi kwa jumla, na kila alipokuja na pakiti za watoto alikaribishwa kwa hotuba. Mzee aliishika moja ya zile pakiti kwa vidole viwili, akasema hizo si pipi, ni rangi iliyogandishwa, na mtu mzima mwenye familia angetafuta kazi nyingine. Kisha pipi ya zamani ikatoka kwenye kopo. Mzee aliiweka kwenye sahani, akajikunja juu ya mizani kwa muda mrefu kuliko kawaida, mkono mmoja ukiizuia sahani isiyumbe. Mama alishika birika kwa mikono miwili. Mshale uliyumba, ukatulia katikati.

"Gramu sita," alisema Mzee.

Mama akapumua. Angepumua vizuri zaidi kama mkwe angenyamaza, ila binadamu ana mwisho wa kuvumilia. Mkwe aliuliza, kwa adabu zote, kama baba anaikumbuka kweli ladha ya pipi hiyo au anaukumbuka utoto wake tu. Mzee alimwangalia, akachukua kisu, akaigonga pipi kwa mpini ikapasuka vipande viwili. Nusu akaitia mdomoni. Nusu akampa mkwe, aonje ajue.

Mkwe alinyonya mara moja akasita. Kwa miaka kumi na miwili amekuwa akionja mali yake mwenyewe kabla ya kuipokea, na hii ilikuwa yake, ile nyekundu ya pakiti ndogo. Aliinua macho yakakutana na ya mama mkwe wake, aliyesimama na birika, uso umemkauka.

"Baba, hii kwangu sina," alisema. "Sijawahi kuuza kitu kama hiki."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, macho yamemlowa, akawaambia wajukuu wamesikia wenyewe.

Walipoondoka, mama alikwenda kuosha vikombe. Mzee alimfuata akichechemea, ile karatasi ya nta mkononi, akakaa kwenye kigoda.

"Mama watoto," alisema, "mwaka huu uliinyonya sana. Ilipungua karibu nusu gramu."

Kikombe kilimponyoka kikazama kwenye maji. Alibaki amempa mgongo, akingoja kuambiwa afungashe.

"Mbona mshale ulisimama katikati?" aliuliza hatimaye.

Mzee aliukunjua mkono wake wa kulia, akaitazama ncha ya kidole cha shahada, ile iliyokuwa imeegemea sahani. Mama aligeuka, naye akaitazama.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mtoto wa kwanza. Ile ya zamani ilikuwa na ufa."

Mama alikaa chini, akacheka mpaka machozi, na mengine hayakuwa ya kicheko. Miaka yote ile ya kupima kwa siri! Alimuuliza basi ladha yake ikoje. Mzee alisema ya mkwe si mbaya, ila mkwe asiambiwe. Kisha akaendelea kukitazama kidole chake, akauliza kama namba ya mdogo wake bado ipo kwenye lile daftari la simu.

Ilikuwapo. Alipoinuka kwenda kupiga, alimwachia mkewe ile karatasi ya nta mezani, imenyooshwa vizuri.

"Gramu sita," alisema akiwa mlangoni. "Na jirani akigonga, usifungue."